Kitabu cha kweli kuhusu mitandao ya magendo Tanga: majina yatajwe au yafichwe?

Mwandishi wa Ngamiani

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Mimi ni mwandishi wa habari wa mkoani hapa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuripoti kesi za mizigo inayopitishwa katika bandari bubu za mwambao wetu, kuanzia Pangani na Kigombe hadi Moa, karibu na mpaka wa Kenya. Kuna sukari, mafuta ya kula na vitenge, na kuna mirungi, bangi na wahamiaji wanaosafirishwa kuelekea kusini. Gazeti hunipa nafasi ya aya chache, nazo huishia kwa nahodha na wachukuzi waliokamatwa. Mwenye mzigo hatajwi, na wiki inayofuata habari imekwisha.

Sasa nakusudia kuandika kitabu, tena si riwaya, kitakachoeleza mtandao mzima: nani hutoa mtaji, nani hukodi chombo, ghala ni la nani, na fedha huingizwaje katika biashara halali. Waandishi wa vitabu vya namna hii huamuaje nani atajwe kwa jina na nani afichwe? Nikibadilisha majina yote, wasomaji watadhani nimetunga. Nikiyaacha yote, naogopa kesi, na naogopa mengine yasiyofika mahakamani.

Mhariri Mstaafu, Raskazone

Waaleikum salaam. Swali la majina lisikutangulie, kwa sababu jibu lake hutegemea ushahidi ulio nao mkononi. Kitabu kinachosimama juu ya "inasemekana" hakiponi hata kama majina yote yamefichwa, ilhali kinachosimama juu ya hati huweza kutaja watu kwa utulivu. Tafuta usajili wa makampuni, hati za viwanja na maghala, nyaraka za forodha, na zaidi ya yote hukumu. Al Capone, kwa umaarufu wake wote wa mauaji na pombe haramu kule Chicago, alifungwa mwaka 1931 kwa kukwepa kodi, maana mahesabu ndiyo yaliyoweza kuthibitishwa.

Ján Kuciak, mwandishi wa habari wa Slovakia, alifanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa mpekuzi wa nyaraka za umma kuliko mtu wa kukutana na majambazi gizani, na habari aliyokuwa akiiandika iliwahusu wafanyabiashara Waitalia waliohusishwa na 'Ndrangheta, yaani mafia wa kusini mwa Italia, na ruzuku za Umoja wa Ulaya. Aliuawa pamoja na mchumba wake Februari 2018. Wenzake waliichapisha habari hiyo ikiwa haijakamilika, na mwezi uliofuata waziri mkuu akajiuzulu. Ninakukumbusha kisa hiki ili usidhani kwamba anayekaa na makaratasi yuko salama kuliko anayekwenda ufukweni usiku. Nakala za kazi yako ziwe kwa watu zaidi ya mmoja tangu sasa, na awepo mhariri anayejua unakutana na nani.

Jambo jingine ambalo wengi hulipuuza ni kuwataja waandishi waliokutangulia. Roberto Saviano, mwandishi wa Italia anayeishi chini ya ulinzi wa polisi tangu 2006 kwa sababu ya kitabu chake kuhusu Camorra, mafia wa Napoli, alishindwa mwaka 2013 mbele ya Mahakama ya Rufani ya Napoli kuhusu vipande vichache vilivyoonekana kuchukuliwa kutoka magazeti ya huko bila kuyataja. Wewe ambaye gazeti hukupa aya chache tu unajua uchungu wa kazi ya mwandishi wa mkoani kutothaminiwa.

Wakili wa Chumbageni

Naongeza upande wa sheria, kwa ujumla tu. Tofautisha kila mara mtuhumiwa, mshtakiwa na aliyetiwa hatiani, na usimwandike mtu kuwa ametiwa hatiani kabla hujajua rufaa yake iliishaje. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, na hukumu ya rufaa ni hazina kwa mwandishi, kwa kuwa jaji husimulia upya ushahidi wote: chombo kilikamatwa wapi, nani alishuhudia, mzigo ulipimwa vipi.

Kubadilisha jina si kinga kamili. Veronica Guerin, mwandishi wa habari aliyeuawa Dublin Juni 1996, aliwaita wakubwa wa uhalifu kwa majina ya mitaani ili kukwepa sheria kali za kashfa za Ireland, lakini wenyewe walijitambua vizuri sana. Mahakamani pia, ikiwa majirani wanaweza kumtambua mtu kwa ghala lake na mtaa wake, jina la bandia halitakuokoa.

Tena usimwahidi mtoa habari wako kwamba Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 itamkinga. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Anayezungumza na mwandishi wa kitabu yuko katika hali nyingine kabisa.

Mtu wa Pangani

Wakubwa mmezungumzia wenye mitaji, nami naomba kuwasemea wachukuzi. Kwenye kijiji cha wavuvi, ukiandika "kijana mmoja mwenye mke kutoka Pemba aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge", umekwisha kumtaja, hata ukimpa jina la Juma. Mwenye mzigo ana wakili na anaweza kuhamia Dar es Salaam kesho, ila kijana huyo atabaki hapa hapa akionana kila siku na watu waliokuwa wakimlipa. Kwa maoni yangu, watu wa chini waunganishwe au wahamishwe vijiji, na msomaji aambiwe wazi mwanzoni mwa kitabu kwamba hivyo ndivyo ulivyofanya. Tajiri aliyehukumiwa mwache na jina lake.

Mwandishi wa Ngamiani

Nashukuruni sana. Pendekezo la ndugu yangu wa Pangani nimelikubali, isipokuwa kuwaunganisha watu wawili kuwa mmoja. Nitahamisha vijiji na kuondoa alama za familia, lakini kila mtu atabaki mtu mmoja, la sivyo nitakuwa nimeingia kwenye riwaya kwa mlango wa nyuma. Wakili, je, mtu asiye mhusika anaweza kuona jalada la kesi iliyokwisha?

Wakili wa Chumbageni

Andika barua kwa Naibu Msajili wa Mahakama Kuu, au kwa hakimu mfawidhi ikiwa kesi iliishia mahakama ya chini, ukitaja namba ya kesi, wadaawa na sababu ya maombi yako. Ukikubaliwa utalipia ada ya ukaguzi na ya nakala. Stakabadhi zake uzitunze pamoja na nakala zenyewe.