Kiwanja cha Kinyerezi: mazungumzo ya kikundi cha familia

Baba Neema, saa 1:10 jioni
Shikamooni wazazi wangu, na ninyi wengine habari za jioni. Leo nimepokea barua ya halmashauri kuhusu ombi langu la kibali cha ujenzi wa nyumba ya Kinyerezi. Hawajakataa, ila wanataka nipeleke mchoro wa mpimaji unaoonyesha umbali wa msingi kutoka ukingo wa Mto Msimbazi kabla ombi halijafika kwenye kamati, kwa kuwa afisa mazingira aliyetembelea kiwanja ameandika kwamba sehemu ya chini ni kinamasi. Dalali alinihakikishia kwamba maji hayafiki pale hata wakati wa masika. Nimekwisha kulipa na matofali yako kiwanjani, kwa hiyo naomba ushauri wenu kabla sijajibu.

Shangazi, saa 1:18 jioni
Marahaba mwanangu, pole. Mto huo unaoteremka kutoka vilima vya Pugu ukapita hapo kwako ndio unaofika huku kwetu Tabata na kuendelea hadi Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 niliyaona kwa macho yangu. Maji yalipopungua, mstari wa tope ulibaki kwenye ukuta wa sebule ya jirani yangu, juu ya swichi ya taa, na kila anapopaka rangi mpya mstari ule hurudi. Zaidi ya watu 40 walifariki katika jiji hili, na familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande kuanza maisha kwenye mahema. Sitaki wajukuu wangu walale mahali ambapo mvua ikinyesha usiku ni lazima mtu mmoja abaki macho.

Binamu, saa 1:25 usiku
Shangazi, shikamoo. Nakubali hatari ipo, lakini nyumba zimejaa kando ya mto ule, na sioni haki kaka azuiwe kwa sababu tu ameomba kibali huku wasioomba wakiendelea kujenga.

Baba Mdogo, saa 1:41 usiku
Mwanangu, uchungu wako naujua, kwa kuwa nimefanya kazi ya upimaji miaka mingi. Hao unaowataja hawajaruhusiwa na mtu. Wanaishi kwa kusubiri. Desemba 2015 nyumba za Bonde la Msimbazi zilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu na tingatinga likaingia, na waliokuwa wamemaliza kupaua walipoteza zaidi kuliko waliokuwa kwenye msingi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa. Kwa hiyo barua hiyo, Baba Neema, usiichukulie kama uadui, maana imekuja wakati bado una matofali na huna nyumba ya kubomolewa. Nieleze jambo moja: kiwanja kina urefu gani, na kinaanzia umbali gani kutoka ukingoni?

Baba Neema, saa 1:50 usiku
Kina upana wa mita 30 na urefu wa mita 70 kutoka barabarani kushuka mtoni, Baba Mdogo. Kutoka jiwe la mpaka la chini hadi ukingoni nimepima mita 12 kwa utepe.

Baba Mdogo, saa 1:56 usiku
Basi mita 48 za chini haziguswi. Unabaki na mita 22 upande wa barabara, na humo ndimo nyumba yote iingie, pamoja na shimo la maji taka.

Mama Neema, saa 2:07 usiku
Shikamooni. Naomba niseme kuhusu hilo shimo, kwa sababu Jumamosi nilikwenda mwenyewe. Katikati ya kiwanja, mbali kabisa na matete, nilikanyaga na nilipoinua mguu unyayo ukajaa maji taratibu, wakati hapakuwa na mvua kwa siku kadhaa. Shimo likichimbwa kwenye ardhi ya namna hiyo litajaa maji ya chini kabla ya kujaa ya kwetu, na uchafu utaingia kwenye visima vya majirani. Fundi anapendekeza tumwage kifusi tuinue kiwanja, lakini jirani wa kushoto ni mjane na nyumba yake iko chini kidogo ya yetu. Maji tutakayoyafukuza kwetu yatakwenda kwake, na mimi siwezi kukubali hilo.

Shangazi, saa 2:11 usiku
Mungu akubariki kwa kumkumbuka huyo mama.

Baba Neema, saa 2:30 usiku
Nimewasikia. Alhamisi nitaandikia halmashauri kwamba ninaondoa michoro ya awali, ambayo ilikuwa na vyumba vinne na banda la uani. Baba Mdogo, nakuomba tufuatane Jumamosi pamoja na mpimaji mwenye leseni, tuweke kigingi kwenye mita ya 60, kisha tuchimbe shimo la majaribio upande wa barabara tuone maji yanatokea kina gani. Yakitokea karibu, sitajenga hapo, na matofali nitayahamisha. Matete ya upande wa chini nitayaacha yalivyo.

Baba Mdogo, saa 2:34 usiku
Tukutane saa 1 asubuhi. Njoo na jembe, sururu na nakala ya hati.