Forester SG5: nataka kubadili tabo, bajeti milioni 4, nianzie wapi?

Njiro_SG5
Wakuu habari za jioni. Nina Subaru Forester XT ya 2004, toleo la SG5, injini EJ205 ya lita 2, oto, imetembea kilomita laki na arobaini hivi. Ndio gari ya kazini kila siku hapa Arusha na mara mbili kwa mwezi naenda nayo Babati kwa wazazi. Tabo (ile inayosukumia injini upepo kwa nguvu ya moshi) bado ni ile ya kiwandani, ndogo ya TD04, kwa mjini sina shida nayo kabisa ila njiani nikitaka kulipita lori kule mbele ya Makuyuni, mshale wa mizunguko ya injini ukifika elfu tano gari inaishiwa pumzi, unakanyaga wee hakuna kinachoongezeka. Sasa kuna jamaa ana tabo kubwa zaidi, TD05 20G, mtumba wa Japani anataka milioni 1.3, anasema funga tu gari itaruka. Nimetenga milioni 4 jumla na sina gari nyingine. Nichukue hiyo 20G? Na hii hela inatosha kweli?

boksa_ilala
Mkuu usilipe kwanza. 20G kwenye injini ya lita 2 inachelewa mno kujaa upepo, utakanyaga usubiri weee, ikija kushika lori lingine limeshatokea mbele yako. Wewe unataka nguvu ya kuanzia elfu tatu na kitu, sio ya kupigia picha.

Tafuta tabo za kampuni ya IHI zinazotoka kwenye STI (Subaru zile kali), zile zenye namba inayoanza na VF. Nyingi zinakaa palepale ilipokaa TD04 bila kukata chuma. Ila soma kibati chake kabla hujatoa hela! VF36 na VF37 zina njia mbili za moshi, zinataka manifoldi yake (bomba la kukusanyia moshi wa silinda) na bomba lake la kupandishia moshi, la kwako lina njia moja. Nimeona watu wawili watatu wamenunua kwa kusikia neno STI halafu ipo chini ya kitanda mpaka leo. Na ukiishika mkononi tikisa shafti, mchezo mdogo wa pembeni ni kawaida kama haina beringi za gololi, lakini ikicheza kuingia na kutoka au mapanga yamekwangua nyumba, rudisha kwa mwenyewe.

Kingine, usifunge tabo mpya kwenye bomba chafu la oili. Hizi injini nyingi zina bolti ya oili yenye chujio dogo ndani, likiziba tabo inakauka na inakufa ndani ya wiki. Badilisha bolti, safisha bomba, mwaga oili.

DadaEJ_Mbeya
Naongezea kitu ambacho watu wa Dar huwa hawakikumbuki, sisi wa huku juu tunakijua kwa mifuko yetu. Arusha iko kama mita 1,400. Hewa ya Dar inakandamiza kwa psi 14.7 (psi ni kipimo cha mgandamizo), ya kwako ni kama 12.4. Mtu wa Dar akipiga busti 14, yaani mgandamizo ambao tabo inauongeza juu ya hewa ya nje, ndani ya injini ana 28.7, tabo yake imekandamiza hewa karibu mara 2. Wewe ili uipate hiyohiyo 28.7 unahitaji busti 16 na kidogo, maana yake tabo inakandamiza mara 2.3. TD04 ni ndogo, ukiilazimisha hapo inazunguka kupita kiasi na inaanza kutema hewa ya moto, ndo hiyo pumzi inayokuishia. Na hilo hilo tatizo la hewa nyepesi ndilo litakaloifanya 20G ichelewe kwako kuliko kwa mtu wa Tanga. Kwa hiyo kaka, VF ya kati ndiyo saizi yako, na usinakili seti ya mtu wa pwani.

kisongo_turbo
Naomba unisikilize kwa makini ndugu yangu maana mimi nilifanya unachotaka kufanya. Nilifunga tabo kubwa kwenye gereji moja, pampu ya mafuta ileile, injekta (za kunyunyizia mafuta) zilezile, kompyuta haikuguswa. Siku ya kwanza ikawa inakata mafuta kila nikikanyaga, maana kompyuta ikiona busti imezidi inajilinda. Fundi akaidanganya isione, nikafurahi wiki tatu. Ya nne nikiwa napanda Karatu nikasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, nikaendelea kukanyaga, pistoni ya silinda namba 4 ikapasuka. Injini ilinigharimu zaidi ya kila kitu nilichokuwa nimefunga.

Hizi gari za Japani zilipangiwa petroli ya huko ya oktani 100, yetu haifiki. Gari inagonga mapema, yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda, na upepo ukiongezeka inagonga zaidi. Kwa hiyo milioni 4 igawe hivi: kwanza kabisa pima kompresheni (nguvu ya kukandamiza hewa) ya silinda zote nne, zikipishana sana acha mpango, tengeneza injini. Ikiwa nzima, VF mtumba isizidi milioni 1.2, pampu ya mafuta ya Walbro 255, injekta za STI, plagi, gasketi na oili, halafu usiguse ile milioni moja na ushee ya kutyuni (kuipangia upya kompyuta ya injini) na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Hela ikipungua punguza tabo, sio kutyuni.

Njiro_SG5
Asanteni sana, dada hesabu yako imenifungua kichwa, nimeirudia kwenye karatasi nikaona kweli. Jamaa wa 20G nimemwambia hapana. Jumamosi napeleka gari kupimwa kompresheni. Swali la mwisho, giaboksi ya oto itavumilia?

boksa_ilala
Itavumilia ukiwa na adabu nayo. Badilisha oili yake kabla ya kutyuni, weka kipoza cha ziada mbele ya rejeta, na mwambie anayetyuni asilete upepo wote kwa mkupuo kule chini, aupandishe taratibu kuanzia elfu tatu. Namba za kompresheni zikitoka ziweke hapa tuzione.

Njiro_SG5
Nimerudi. Silinda 1, 2 na 3 zimekaribiana sana, ya 4 iko chini karibu kwa asilimia 20. Tabo inasubiri, nafungua injini.

kisongo_turbo
Pole sana kaka. Ila imekutokea gereji, haikukutokea Karatu. Ukiifungua piga picha ya ringi za pistoni.