Maji ya mvua kwenye simtanki yana ladha ya chuma, ninunue chujio gani?

#1 Mama Pacha
Wakuu habari za usiku. Naomba ushauri, kejeli wekeni pembeni kwanza.

Bomba letu linatoa maji mara moja kwa wiki, kwa hiyo tunategemea mvua. Nina simtanki la lita 2,000 na gata ziko vizuri. Tangu masika haya yaanze maji yana ladha kama umelamba sarafu. Jumapili niliweka beseni jeupe uani. Mvua ilipokatika nikakuta chini yake vumbi la kijivu, laini kama unga wa sembe, ukilisugua kidoleni haling'oki upesi. Nikanunua kipima pH cha mkononi, kikasoma 4.3. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, anasema hiyo ndiyo mvua ya asidi.

Kuna chujio dukani la laki na themanini. Linatoa asidi? Au nimwage chokaa tangini? Pacha wana miaka mitatu, ndio wanaonikosesha usingizi.

#2 Kapuku Mstaarabu
Lita 2,000 halafu una shida. Sisi wa ndoo tufunge midomo.

#3 Fundi Gata
Dada hilo ni bati. Watu mnakimbilia geji nyembamba, mwaka wa tatu linachubuka, kutu yote tangini. Kuna mzee nilimfungia gata Kibaha, akanipigia simu maji yananuka, kanituhumu weee mpaka kwa mjumbe. Kupanda juu, popo wawili wamefia kwenye bomba la kushushia. Mpaka leo hajaniomba radhi na elfu arobaini yangu hajanimalizia.

#4 Mkemia Mstaafu
Fundi, maji ya beseni hayajagusa bati. Soma vizuri.

Mama Pacha, mvua haishuki ikiwa maji matupu. Tone linafyonza kabonidayoksaidi njiani, kwa hiyo hata mvua ya porini inasoma karibu 5.6 (namba ikishuka, asidi imezidi). Ikipita kwenye moshi wa makaa ya mawe au mafuta mazito inabeba salfa na naitrojeni, inashuka chini ya 5. Ikipita kwenye vumbi la saruji inapanda, inaweza kuvuka 7, na wanaokaa pale wakipima wanashangilia eti hewa yao safi. Robert Angus Smith, aliyetupa jina la mvua ya asidi mwaka 1872, alikuwa anapima mpaka salfeti na amonia ndani ya mvua ya Manchester, maana ukali peke yake haumtaji aliyeuchafua upepo. Tena hivyo vipimo vya mkononi vinayumba sana kwenye maji ya mvua, chumvi ni chache mno. Hiyo 4.3 usiiapie.

Maswali mawili. Beseni lilikaa wapi hasa? Na hapo jirani nani anachoma nini? Masizi ni meusi. Vumbi la kijivu ni habari nyingine.

#5 Mama Pacha
Lilikuwa wazi kabisa, juu ya kichanja cha vyombo. Kiwanda hakuna huku. Chujio vipi, kuna aliyelitumia?

#6 Mtoto wa Virunga
Jambo kwenu. Sisi Goma tunajua hiyo mvua. Volkano yetu Nyiragongo ikitoa moshi mwingi, mvua inashuka kali, majani ya maharagi yanapata madoa kama yamemwagiwa maji ya moto, na bati linaoza mbele ya macho yako. Na ndiyo mvua tunakinga tunakunywa. Madini ya floridi iko ndani, batoto meno yanakuwa na madoa ya kahawia. Kabla ya volkano kulipuka 2021 mama yangu alikuwa anamwaga maji ya mvua ya kwanza, anakinga ile ya baadaye. Alifundishwa na bibi yake, si na munganga.

#7 Binti Meru
Ajabu, huku kwetu upande wa Oldonyo Sambu floridi iko kwenye visima, mvua ndiyo inayotuokoa. Kila mtu na tangi lake la kulia.

#8 Mkemia Mstaafu
Bibi yake alikuwa sahihi, mvua ya kwanza baada ya siku kavu ndiyo inafagia hewa na paa. Mama Pacha, swali la pili umeliruka.

#9 Mama Pacha
Kuna kijana tu anafanya shughuli zake ndogo uani.

#10 Kapuku Mstaarabu
"Shughuli ndogo." Endelea mama, tumeshaweka kambi, nyama iko jikoni.

#11 Mama Pacha
Haya. Nimempangishia kibanda. Anapasua betri chakavu za magari na za sola, anayeyusha kwenye sufuria, anamwaga kwenye vibati vya mchanga anatoa risasi, anawauzia wavuvi.

#12 Dogo Janja 04
ANAUZA RISASI??? Dada kimbia polisi sasa hivi, unatuuliza habari za chujio!

#13 Kapuku Mstaarabu
Risasi za kuzamishia nyavu wewe mtoto wa bara. Ndiyo madhara ya kula samaki wa kopo.

#14 Mkemia Mstaafu
Basi sahau asidi. Risasi ikiyeyuka inatoa moshi usiouona vizuri, unaganda kuwa vumbi laini, mvua inaushusha. Maji ya betri yenyewe ni asidi ya salfa, ndiyo hiyo 4.3 kama ni kweli. Maji hayo yasinywewe wala yasipikiwe kuanzia leo. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua risasi inabaki. Chokaa itapandisha namba kwenye kipimo chako, risasi itakaa kwenye tope chini ya tangi ikikusubiri. Pacha wanacheza wapi?

#15 Mama Pacha
Chokaa nilishaweka juzi, nusu ndoo. Na sijakaa tu jamani. Nimemwambia ayeyushe usiku watoto wakilala, na ameahidi kurefusha bomba la moshi lipite paa. Kodi ya miezi sita nimeshapokea, imeenda kwenye ada ya mkubwa. Mnataka nimrudishie nini? Pacha wanacheza uani kama watoto wote.

#16 Mkemia Mstaafu
Usiku ni vibaya zaidi. Ardhi ikipoa, hewa ya chini inatulia, moshi haupandi, unalala hapo hapo madirishani. Na bomba refu linampelekea jirani.

Mwaka 2007 kuelekea 2008, Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, watoto 18 walikufa kwa biashara hiyo hiyo ya betri. 

#17 Bi Mkubwa wa Likoni
Dadangu, sisi Mombasa tuna mtaa wa Owino Uhuru, palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Moshi wa betri ulikuwa ukitua kwenye mabati, mvua ikinyesha maji yaingia mitungini. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupiga kelele mwanawe alipopimwa damu akakutwa na risasi. Mahakama mwaka 2020 ikawapa wanakijiji shilingi bilioni 1.3, wakaanza kuzungushwa na rufaa. Fidia haimrudishii mtoto akili. Ada ya mkubwa walipa, hao wadogo watasoma kwa kichwa gani?

#18 Ustadh Mpole
Uchumi wa haramu hauna baraka. Kodi ya kumdhuru jirani ni sawa na kula moto. Tubu, mama.

#19 Mzee wa Mizani
Jamani mnapoteza bando. Hii ni CHAI. Mimi niko Temeke, Jumapili jua lilikuwa la kukaangia mayai, mvua ya beseni ilitoka wapi? Hapa kuna mwanafunzi anatafuta utafiti wa bure.

#20 Mama Pacha
Nani kakwambia niko Dar? Niko Tanga.

#21 Fundi Gata
Tanga Jumapili ilinyesha, shemeji yangu alishindwa kupiga zege.

#22 Mzee wa Mizani
Sawa, Tanga. Sasa someni hii. Akaunti hii hii mwezi wa kwanza ilifungua uzi: "Wakuu betri chakavu za gari mnanunua shilingi ngapi kwa kilo? Natafuta za jumla." Na kwenye jukwaa la mpira inajiita baba pacha. Leo ni mama mwenye nyumba anayeonewa na mpangaji. Sukari kiasi gani?

#23 Kapuku Mstaarabu
Nyama imeungua. Sibanduki.

#24 Dogo Janja 04
Mods fungeni uzi.

#25 Mtoto wa Virunga
Hata kama ni uongo, maji ni ya kweli. Mwacheni aseme.

#26 Mama Pacha
Simu ni ya mume wangu. Huwa naiandikia usiku akiwa ameshatoka. Hakuna mpangaji na hakuna kodi. Kijana ni mdogo wake, mtaji ni wa mume wangu. Nilijua nikisema hivyo mtaanza kunipangia ndoa badala ya kunijibu habari ya maji. Sufuria wanayeyushia ni ile yangu ya ubwabwa wa shughuli.

#27 Ustadh Mpole
Allah akufanyie wepesi. Nimefuta nusu ya niliyosema moyoni.

#28 Mkemia Mstaafu
Habari za ndoa mimi simo. Fanya haya. Kesho peleka pacha hospitali ya mkoa, uwaambie wazi watoto wamekaa na moshi wa betri, waulize namna ya kupima risasi kwenye damu. Usisubiri waumwe, wengi hawaoneshi kitu. Ndani usifagie kukavu, deki na kitambaa chenye maji, na anayeyeyusha asiingie na nguo zake za kazi. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Maji yapimwe na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, uwaambie unataka kipimo cha risasi, siyo pH. Kwanza uliza wanataka chupa gani. Ukikinga mwenyewe, tumia chombo kipya cha plastiki, juu ya kigingi mbali na mti na paa, funua mvua ikianza, funika ikikatika. Kinga cha pili kwa ndugu anayekaa mbali, upande upepo unakotokea. Kwako ikisoma juu na kwake chini, hutahitaji kubishana na mtu.

#29 Mauzo Bora Machujio
Habari mteja, chujio lipo hatua saba, tunaleta mpaka mlangoni. Njoo inbox.

#30 Mama Pacha
Mkemia asante sana baba. Dada yangu yuko Pongwe, nitamwomba akinge. Swali moja tu, pale maabara wanaandika jina la mwenye nyumba?