Mrejesho: Binti yangu na nyimbo za gengetone

Niliwauliza nifanyeje na binti yangu wa miaka 13 anayeimba gengetone, muziki wa vijana ulioibukia Nairobi mwishoni mwa miaka ya 2010 na ambao mara nyingi una maneno ya aibu, na wengi mlinishauri nisikilize naye kabla ya kukataza. Tulikaa barazani hapa Kisauni baada ya alasiri, nikamwomba anieleze wimbo mmoja unasema nini. Alipofika ubeti wa pili aliona haya akauruka, kisha akasema kwamba yeye na wenzake hufuata mdundo tu ndani ya matatu. Nilimjibu kwamba hata taarabu ya bibi yake ina vijembe, ila husitiriwa kwa mafumbo (bibi mwenyewe hakufurahia mfano huo). Tumekubaliana asiziimbe mbele ya mdogo wake, simu sikumnyang'anya. Ahsanteni sana.