Trinity wa sinema za kauboi: Mmarekani au Mwitaliano?

BintiUmoja:
Nisaidieni kabla nyumba haijavunjika. Jumapili tulikuwa kwa mzee wetu, mtaa wa Umoja, Nairobi, chapati na maharagwe mezani. Kaka yangu akatania kwamba baba anakula kama Trinity. Mzee akachangamka, akaanza kusimulia alivyokuwa akitoka Kaloleni kwa miguu kwenda mjini kumwona yule kauboi, "Mmarekani halisi." Kaka akamkatiza: huyo ni Mwitaliano. Tangu siku hiyo mzee hapokei simu yake. Nani mkweli?

GukaWaNgara:
Binti yangu, kaka yako ameshinda, ila angengoja mzee amalize kula. Terence Hill, aliyeigiza Trinity, alizaliwa Mario Girotti, Venice, mwaka 1939, mama yake Mjerumani. Aliigiza tangu utotoni, na mwaka 1963 alikuwamo kwenye The Leopard ya Visconti, sinema ya makabaila na madensi, hakuna kauboi hata mmoja. Hill ni jina la biashara. Kauboi anayeitwa Mario angemwuzia nani tikiti? Hata Sergio Leone, mwongozaji Mwitaliano, kwenye sinema yake ya kauboi A Fistful of Dollars ya 1964, alijiandika Bob Robertson.

Lakini mzee msimlaumu. Sisi tulikaa viti vya mbele kabisa, vya bei ya chini, shingo zikiuma, na tuliona midomo ikifunga maneno yakiwa bado yanatoka. Tukapiga mbinja tukidhani mashine imechoka. Kumbe Waitaliano walikuwa wakiingiza sauti baadaye studioni.

Ile Trinity ya 1970 inaanza staringi amelala kwenye machela, farasi anamburuta vumbini. Akifika hotelini anafagia sufuria nzima ya maharagwe kwa mkate. Ukumbi wote kimya, watu tunameza mate. Makauboi wengine walikuwa na kisasi. Huyu alikuwa na njaa, na njaa tuliijua.

OtiMakongeni:
Na lile jitu, kakake Trinity, la kupiga watu ngumi za utosini?

GukaWaNgara:
Bud Spencer! Jina lake halisi Carlo Pedersoli, wa Napoli, naye si Mmarekani. Muogeleaji hasa: mwaka 1950 alikuwa Mwitaliano wa kwanza kumaliza mita 100 mtindo huru chini ya dakika moja, akaenda Olimpiki za 1952 na 1956. Alifariki 2016. Hill yeye aligeukia televisheni, na kuanzia 2000 akawa Don Matteo, padri anayepanda baiskeli na kufumbua kesi za mauaji.

BintiUmoja:
Asante, guka. Nimemsomea mzee yote. Venice amekubali, Mario amekubali kwa shingo upande, na kaka amepigiwa simu. Ila padri wa baiskeli amekataa katakata. Anasema Trinity hawezi kuacha farasi, na huyo guka wa Ngara alikuwa akilala katikati ya sinema.

GukaWaNgara:
Mwulize alikuwa akikaa kiti gani.