Residensi ya sanaa kijijini Ireland, kiangazi hiki: nibebe nini, nichore nini?

binti_wa_penseli

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo.

Nasoma sanaa mwaka wa tatu, nachora kwa rangi za mafuta. Nimechaguliwa kujiunga na wanafunzi wa nchi nyingine kwenye residensi ya mwezi mmoja huko magharibi mwa Ireland, kuanzia katikati ya Juni. Ni County Clare, sehemu inayoitwa Burren, karibu na kijiji cha Ballyvaughan. Kila mtu anapewa nafasi yake studio, mwalimu anapita kila wiki kutazama kazi, na mwishoni tunafungua milango wanakijiji waje waone.

Furaha ninayo, usingizi sina. Nimetafuta picha za Burren mtandaoni, nikakuta mawe. Vilima vya mawe, kuta za mawe, kaburi la mawe, kijivu mpaka macho yanapoishia. Kazi zangu zote ni watu na rangi zinazopiga kelele: harusi, sokoni, vitambaa vimeanikwa. Msimamizi anataka pendekezo la ukurasa mmoja kabla sijaondoka, na kila nikiandika nafuta. Nitachora nini mahali kama pale?

Pia naomba msaada kuhusu vifaa vya kubeba, viza, na namna ya kufika. Gari siendeshi.

Aliyewahi kufika huko anisaidie, hasa kama ni mchoraji.

---

Mzee wa Turubai

Marahaba binti, na hongera. Mimi nishike la viza na njia, la kuchora wapo wanaolijua vizuri zaidi.

Ireland haimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya Ufaransa haikuingizi Dublin, na ya Ireland haikufikishi Paris. Kwa kuwa unakaa chini ya siku 90, unaomba ile fupi, aina ya C. Fomu inajazwa mtandaoni kwenye mfumo wao uitwao AVATS, halafu nyaraka zinafuata. Ada ni euro 60 kwa kuingia mara moja. Unaweza kuomba miezi 3 kabla ya safari, kwa hiyo usisubiri. Barua ya mwaliko ndiyo uti wa mgongo wa maombi: iseme tarehe za kuanza na kumaliza, utalala wapi, na nani analipia malazi na chakula. Kama inasema tu "tunamkaribisha", irudishe waiandike upya.

Tiketi ya kupitia London iache hata kama ni ya bei nafuu. Kwa pasi yetu Waingereza wanadai viza hata ya kubadilisha ndege tu. Pitia Doha, Dubai au Istanbul, kote huko kuna ndege za moja kwa moja hadi Dublin. Na ukiwa huko, wenzako wakipanga kwenda Belfast mwisho wa wiki, wewe baki. Mpakani hakuna geti wala askari, lakini upande ule ni Uingereza na viza yako haina nguvu.

Uwanja wa ndege wa Dublin kuna mabasi ya moja kwa moja hadi mji wa Galway, si chini ya saa mbili na nusu. Galway unapanda Bus Éireann namba 350, ile inayopita Ballyvaughan ikienda kwenye majabali ya pwani yaitwayo Cliffs of Moher. Tazama ratiba kabla ya kukata tiketi ya ndege, ili usifike Galway basi la mwisho limeshaondoka.

Plagi ni ya pini tatu kama ya kwetu. Chaja yako itaingia bila adapta.

---

Dada Mkaa

Marahaba mdogo wangu. Nimefanya kazi Burren wakati wa kiangazi, kando ya Newtown Castle, ule mnara wa karne ya 16 ambao Burren College of Art ilianzishwa pembeni yake mwaka 1994. Napapenda mno, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Kwanza hicho kijivu kinachokutisha. Ni cha kamera. Jiwe la Burren likinyeshewa na manyunyu ya asubuhi linakuwa bluu nzito inayokaribia wino. Upepo ukilikausha linakuwa jeupe mpaka unakunja uso. Jioni jua likiwa chini juu ya Galway Bay, jiwe lilelile lina waridi na manjano, na kivuli chake ni zambarau. Hayo yote ndani ya siku moja, na siku yenyewe ni ndefu kuliko ulivyozoea: mwishoni mwa Juni jua linazama saa nne usiku imepita, na bado unaona karatasi yako muda mrefu baada ya hapo. Ushauri wangu wa kwanza ni huo. Usifanye kazi mchana halafu ukapumzika jioni kama ratiba ya chuo inavyokuvuta. Pumzika mchana, kula mapema, toka saa mbili usiku. Wakati huo mwanga unaingia kwa ubavu kwenye kila ufa na kilima kizima kinapata umbo. Saa sita mchana kilima kilekile kimelala bapa na hakikupi kitu.

Pili, inama. Lile ni jiwe la chokaa lililojengwa chini ya bahari ya joto, miaka kama milioni 330 iliyopita, wakati ardhi ile ilipokuwa karibu na ikweta. Matumbawe yamo ndani yake, unayaona kwa macho. Aliyewahi kutazama ukuta mkongwe wa Kilwa au Zanzibar kwa karibu atayatambua mara moja. Mimi nilipoyaona nilikaa chini palepale, na tangu siku hiyo sikuchora tena upeo wa macho. Baadaye sana ikaja barafu, ikakwangua udongo na kuacha mabamba mapana yenye nyufa za kina. Ndani ya nyufa hizo ndimo rangi zako zilimo. Juni na Julai kuna jeraniamu ya mwitu yenye maua ya waridi iliyokolea, ile rangi ambayo ukiiweka kwenye turubai mwalimu anakuambia umezidisha. Kuna majani laini ya ferni yanayojificha humo yasipigwe na upepo. Ua la bluu la jentiana, ambalo watu husafiri mbali kuja kuliona, ni la Mei zaidi, kwa hiyo usilitegemee. Mimea inayopenda baridi ya Aktiki na mimea ya Mediterania inaota bega kwa bega pale, jambo ambalo wataalamu wa mimea hawachoki kulizungumzia.

Na utashangaa mbona vilima havina ng'ombe wakati nyasi zipo. Wakulima wa Burren huwapandisha ng'ombe mlimani majira ya baridi na kuwateremsha kiangazi, kinyume na desturi ya milima mingi ya Ulaya. Jiwe linatunza joto na chini pakavu, kwa hiyo mnyama anakaa vizuri huko juu. Akila nyasi zilizokauka za baridi, maua yanapata nafasi ya kutoka masika. Kwa hiyo hiyo bustani unayoiona kwenye picha imetengenezwa na wafugaji kwa vizazi vingi. Wewe ni mchoraji wa watu, basi anza kwa kujua kwamba hapo hakuna mandhari isiyo na mtu. Kuta zenyewe ni mikono ya watu. Hazina saruji wala udongo, jiwe juu ya jiwe, nyingine upana wa jiwe moja tu, na mwanga unapenya katikati. Nilichora ukuta mmoja kwa mkaa kwa kuziba ule mwanga tu, matundu peke yake, bila kuchora jiwe hata moja. Ukuta ukatokea wenyewe. Hiyo ndiyo kazi yangu ya Burren ninayoipenda kuliko zote.

Sasa pendekezo. Usiandike "nitachunguza mandhari ya Ireland", kila mwombaji anaandika hivyo na halimsaidii mtu, wewe mwenyewe ukiwa wa kwanza. Chagua kitu kimoja unachoweza kukirudia kila siku kwa miguu. Mfano: hatua ishirini za ukuta, au bamba moja la jiwe na nyufa zake. Kisha eleza macho yako yamezoea nini. Umekulia kwenye vitambaa, unajua jinsi rangi kali inavyokaa kwenye eneo kubwa la rangi tulivu. Waambie unakwenda kulitazama jiwe kwa macho hayo. Hilo hakuna mwingine kwenye kundi anayeweza kuliandika.

Vifaa. Rangi za mafuta ningeziacha. Hewa ya kule ina unyevu, rangi nzito haikauki upesi, na mwezi ukiisha utakuwa na turubai mbichi zisizofungika. Beba mkaa, penseli laini, rangi za maji, na karatasi nene ya gramu 300. Karatasi nyembamba itajikunja na kukukatisha tamaa. Beba vibanio vingi na ubao mwepesi wa kuegemea, upepo unatoka Atlantiki na hauna adabu kwa karatasi. Tapentaini na dawa ya kopo ya kushikiza mkaa haziruhusiwi kwenye ndege, utanunua Galway. Mvua ikikudondokea kazini usifute. Matone yanaacha alama nzuri kuliko nyingi tunazozitafuta kwa makusudi.

Mavazi: koti la mvua la kweli, sweta (mchana wa Julai ni nyuzi 18 au 19 hivi, na ukikaa umechora bila kusogea ni baridi), na viatu vinavyoshika kifundo. Mabamba yakilowa yanateleza, na ufa unaweza kumeza mguu mpaka gotini.

Na hili nakusihi kwa moyo wote: usihamishe mawe. Poulnabrone, lile kaburi la mawe uliloliona kwenye picha, lina miaka zaidi ya 5,000, na wachimbaji walikuta humo mifupa ya watu zaidi ya 30. Wageni wanaliona, wanavutiwa, kisha wanajenga vijikaburi vyao vidogo pembeni kwa mawe waliyoyang'oa. Wanafunzi wa sanaa nao hufanya hivyo na kuita ni usanifu wa mahali. Mabamba yale yanalindwa kwa sheria ya mazingira ya Ulaya, na kila jiwe likiinuliwa kuna kitu kilichokuwa kinaishi chini yake. Pia ardhi ina wenyewe. Ireland huna haki ya kukatiza shamba la mtu kwa sababu tu ni zuri. Gonga mlango, omba, na geti liache ulivyolikuta.

---

Mbao_na_Rangi

Dada Mkaa umesema vizuri, ila la rangi za mafuta nakupinga. Mimi nilikuwa Kerry, Cill Rialaig, kile kijiji cha vibanda vya mawe vya kabla ya njaa kuu ya miaka ya 1840 kilichokarabatiwa kwa ajili ya wasanii, juu ya bahari ya Ballinskelligs. Mvua ilikuwa ya kutosha, na nilichora mafuta mwanzo hadi mwisho. Siri ni kupaka nyembamba, kwenye vibao vidogo vilivyopigwa praima badala ya turubai, na kuchanganya na kilainishi cha alkidi. Kinakauka kwa siku moja au mbili. Huyu binti anawaza kwa mafuta. Ukimnyang'anya lugha yake wiki ya kwanza, nusu ya mwezi itaishia kwenye kujifunza mkaa.

Kingine ambacho hakijatajwa ni upweke. Kijijini ni kijijini. Jioni ya kwanza jitokeze jikoni, pika na wenzako hata kama umechoka.

---

Dada Mkaa

Mbao_na_Rangi, vibao vidogo na alkidi nakubali, hilo linawezekana. Lakini sijamwambia aache mafuta kwa sababu ya kukauka peke yake. Kwa mafuta atachora harusi yake juu ya mawe ya Burren, kwa sababu mkono unajua njia. Mkaa hauna rangi ya kumwokoa. Achukue vyote, ila wiki ya kwanza vibao vibaki kwenye begi.

---

binti_wa_penseli

Ahsanteni sana, nimesoma nikarudia. Nimeshaandika sentensi ya kwanza ya pendekezo na sijaifuta: "Nitatazama bamba moja la jiwe kama kitambaa kilichoanikwa." Vibao vitakaa kwenye begi wiki ya kwanza, nimekubali.

Swali la mwisho. Bado nataka watu, hata kidogo. Kijiji kidogo vile nitawapata wapi, na si itakuwa kero kumchora mtu nisiyemjua?

---

Dada Mkaa

Hiyo sentensi iache hivyohivyo.

Watu nenda kwenye muziki. Clare ni nchi ya wapiga fidla na filimbi. Jioni wanakaa kwenye baa kuzunguka meza moja, bila jukwaa, nyimbo zinafuatana bila mtu kutangaza. Agiza soda, kaa pembeni, chora mikono na viwiko kwenye daftari dogo. Uso uombe ruhusa kwanza, wimbo ukiisha, na uwaonyeshe ulichofanya. Mimi sikuwahi kukataliwa nilipoomba hivyo.

Na tarehe zako zinakuangukia vizuri. Miltown Malbay, kusini zaidi kwenye pwani hiyohiyo ya Clare, kuna shule ya muziki ya kiangazi iitwayo Willie Clancy Summer School kila Julai, tangu 1973. Wiki nzima mji mdogo unajaa wapigaji, wazee na watoto, madarasa asubuhi na muziki kila kona mpaka usiku. Basi la kwenda na kurudi siku moja ni gumu, kwa hiyo waulize wenye residensi mapema kama wanapanga gari. Ukiwa wa kwanza kuuliza, wengine watajiunga na gari litapatikana.

Pendekezo likikamilika liweke hapa kabla hujalituma, nitalisoma.