TAARIFA ZA MTAA (SIO MIZAHA)

*Alhamisi, Mei 28*

Mtendaji wa Mtaa: Habari za jioni wananchi. Jumamosi hii ni ya mwisho wa mwezi, hivyo ni usafi wa pamoja kuanzia saa 12 asubuhi, maduka na magenge yafunguliwe baada ya saa 4. Pili, vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu vinavyotaka mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, maombi yanafanyika kwenye mfumo, hapa ofisini mnafuata barua ya utambulisho tu. Tatu, gari la taka litapita kesho Ijumaa. Ahsanteni.

Fundi Viti: 🙏

Baba Pacha: Shikamoo Mtendaji. Hilo la tatu ungelianza nalo. Ijumaa iliyopita tuliambiwa litapita, Jumatatu tukaambiwa tena.

Mama wa Genge: Hiyo ni Ijumaa ya Kiyama 😂

Mjumbe: Mama wa Genge, kikundi hiki ni cha taarifa.

Mama wa Genge: Na mimi natoa taarifa Mjumbe. Nina viroba vinne mlangoni, leo siku ya 13, funza wameshanizoea.

Mtendaji wa Mtaa: Marahaba Baba Pacha. Nimeongea na mkandarasi, anasema gari moja liko gereji na lililobaki linahudumia mitaa mitatu. Kutoka huku mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi na kurudi, kwa foleni na mvua hii, safari moja ndiyo siku imeisha.

Baba Pacha: Sawa, lakini yule kijana wake wa kukusanya ada mbona hajawahi kupelekwa gereji?

Boda wa Kona: 😂😂😂

Dada wa Uani: Jana alipita kwangu nikampa elfu tatu. Risiti akasema mashine haina chaji, ataileta.

Mwalimu: Ataileta lini? Dada, pesa ya taka ni risiti ya mashine au kontroo namba. Ukimpa mkononi hujalipa, umemsaidia tu nauli.

Dada wa Uani: Sasa mwalimu mtu kashika daftari na kavaa kizibao, nitajuaje?

Bibi wa Mwembeni: 🎤 1:52

Boda wa Kona: Bibi shikamoo, niko na abiria siwezi kusikiliza. Kuna mtu atuandikie?

Mjukuu wa Bibi: Naandika mimi. Bibi anasema risiti zake anazo zote kwenye kopo la kahawa, tangu mkandarasi huyu aanze. Nyuma ya kila risiti ameandika siku gari lilipopita. Mwezi wa tatu lilipita mara nne. Mwezi wa nne mara mbili. Mwezi huu mara moja, tarehe 15. Pesa imetoka nzima miezi yote. Halafu anasema aliyeazima jembe lake arudishe.

Mwalimu: Bibi!!! 👏🏾

Mtendaji wa Mtaa: Bibi shikamoo. Mjukuu, naomba picha za hizo risiti, mbele na nyuma. Makubaliano ni gari lipite kila wiki. Mimi nikienda kwa bwana afya wa kata na maneno matupu ananiambia wananchi wako wanalalamika tu. Nikienda na tarehe ni habari nyingine.

Mjukuu wa Bibi: 📷 📷 📷

Fundi Viti: ↪️ *Imesambazwa mara nyingi: TAHADHARI!!! Kuanzia mwezi ujao kila mita ya umeme ya LUKU itakatwa elfu kumi kodi ya jengo. Mtumie mwenzako.*

Mjumbe: Fundi umeipata wapi hii?

Fundi Viti: Kwenye kikundi cha ukoo.

Mwalimu: Fundi mwanangu, kodi ya jengo kwenye LUKU ilianza 2021, nyumba ya kawaida elfu moja kwa mwezi. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Na nyumba yenye mita tano inatakiwa ikatwe kwenye mita moja, si zote tano. Ambaye mita zake zote zinakatwa aombe zirekebishwe.

Dada wa Uani: Kumbe! Sisi wapangaji wanne tunakatwa wote. Na kodi si ya mwenye nyumba?

Mwalimu: Ni ya mwenye nyumba. Mkatane kwenye kodi ya pango.

Baba Mwenye Nyumba: Mwalimu, hayo mengine tungeongea pembeni.

Mama wa Genge: 😂😂 Kumbe uko humu mzee!

*Ijumaa, Mei 29*

Baba Pacha: 📷 📷
Hamjambo. Mvua ya alfajiri imeingia ndani. Maji yamefika kwenye godoro la watoto. Mtaro umeziba pale kwenye kalavati, maji yamekosa pa kwenda yakaja kwangu. Tumeamka tukaokoa madaftari, unga umelowa wote.

Mjumbe: Pole sana Baba Pacha. Watoto wazima?

Baba Pacha: Wazima, wako kwa jirani. Mama yao yupo anakomba maji. Nimeingia mtaroni mwenyewe, nimetoa viroba vinne. Mtu kaja kuvitupa usiku. Vimefungwa kwa kamba ya bluu, ndani maganda ya ndizi na mabua ya mchicha. Sitaji mtu.

Boda wa Kona: Duh.

Dada wa Uani: Pole baba 😢

Fundi Viti: Mtaro huo manispaa waje wauzibue, tumechoka!

Mwalimu: Taka ni manispaa. Barabara ya mtaa na mtaro wake ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Ile barabara kubwa ya lami huko juu ni TANROADS, wakala wa barabara kuu. Ukipeleka barua ya mtaro kwa watu wa taka itakaa mezani mpaka masika ijayo.

Mtendaji wa Mtaa: Ni kweli. Barua ya TARURA naiandika leo, inapitia kwa mtendaji wa kata. Baba Pacha pole sana, nakuja hapo saa mbili nipige picha za maji kabla hayajakauka, niziambatanishe.

Mama wa Genge: Baba Pacha. Viroba ni vyangu.

Mama wa Genge: Jana usiku alipita kijana wa mkokoteni, nikampa buku mbili avipeleke kwenye kizimba. Sikumwuliza kizimba kipi. Nilitaka tu vitoke pale mlangoni maana wateja walikuwa wanaziba pua. Mtaroni sikumtuma, naapa. Lakini kamba ni yangu na mabua ni yangu.

Mjumbe: Dah, mama.

Mama wa Genge: Nakuja hapo sasa hivi na ndoo. Na unga kilo kumi nitaleta, usikatae baba.

Baba Pacha: Njoo mama. Lete na tambara.

Boda wa Kona: Kijana wa mkokoteni namjua, yuko kijiweni. Nitamleta kesho kwenye usafi, ataanzia kalavati.

Mjumbe: Aletwe kwa amani Boda. Asipigwe mtu.

Boda wa Kona: Amani Mjumbe. Koleo tu 😄

Mtendaji wa Mtaa: Nimetoka kwa bwana afya. Ameziangalia risiti za Bibi moja moja, akampigia mkandarasi mbele yangu, spika wazi. Mkandarasi akaanza habari za gereji, bwana afya akamsomea tarehe. Gari linakuja kesho saa 4, baada ya usafi. Na kuanzia leo asiye na mashine haingii nyumba ya mtu. Waliotoa pesa bila risiti waniandikie pembeni, kiasi na siku.

Dada wa Uani: Nakuja pembeni 🏃🏾‍♀️

Fundi Viti: Kesho tutaamini tukiliona.

*Jumamosi, Mei 30*

Mjumbe: Saa 12 kasoro. Mimi, Mwalimu na Mama wa Genge tuko kwenye kalavati. Wengine mko wapi? Magwanda si lazima, kandambili hazifai.

Boda wa Kona: Tumefika na mgeni wetu.

Baba Mwenye Nyumba: Nimetuma kijana na reki mbili. Mgongo wangu mnaujua.

Mwalimu: Mgongo wako unaujua mwezi wa kodi tu.

Mama wa Genge: Uji wa pilipili manga umeiva, uko kwa Baba Pacha. Njooni na vikombe, sina vya kutosha.

Baba Pacha: 📷 Maji yanapita! Tumetoa hadi tairi la bajaji.

Boda wa Kona: 🚨🚨 GARI LIMEINGIA. Liko kona ya msikiti, linapiga honi. Toeni viroba.

Dada wa Uani: Mungu mkubwa!

Fundi Viti: Ni lenyewe au la kokoto?

Boda wa Kona: Lenyewe, harufu haidanganyi.

Bibi wa Mwembeni: 🎤 0:07

Mjukuu wa Bibi: Bibi anauliza leo tarehe ngapi, aandike.

Mtendaji wa Mtaa: 30 Bibi.